Malaika Alirudi Mara ya Pili

SOMO LA WIKI
Andiko: 1 Wafalme 19:1–18. Soma pia Luka 10:30–35 na Matendo 16:25–34.

Somo hili nililifundisha Jumapili iliyopita katika ibada ya pili, na kwa kuwa wengi mliomba nakala, nimeliandika hapa ili mlisome nyumbani na kwenye vikundi vyenu. Linahusu jambo ambalo kanisani tunalisema kwa kunong'ona: mtu wetu amejaribu kujiua, Mungu akamwokoa, akalazwa, kisha daktari akamruhusu arudi nyumbani. Swali la somo ni moja tu. Akisharudi nyumbani, nani anampigia simu?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siwezi kuwafundisha jambo nililofeli na nijifanye sikufeli.

KUNDI LA BILI

Miaka michache iliyopita ndugu mmoja wa kanisa letu alilazwa baada ya kujaribu kujitoa uhai. Amenipa ruhusa niandike, na amesoma karatasi hii kabla haijaenda kuchapwa. Jina lake sitalitaja, na wewe unayemjua, tafadhali usilitaje. Sababu zilizomfikisha pale zilikuwa nyingi, na si zangu kuzisimulia.

Sisi tulifanya nini? Tulifanya kazi kweli. Siku ya pili nilifungua kundi la WhatsApp la kuchanga bili. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mambo ya hesabu nayapenda: nikaweka lengo, nikaweka orodha ya waliotoa, kila jioni nikatuma jumla. Saa ya kuona wagonjwa tulikuwa tunajaa wodini mpaka nesi anatuomba tuingie wawili wawili. Tuliomba, tukaimba kwa sauti ya chini. Huyu akaleta uji, yule akaleta ndizi. Baada ya siku 9 bili ikalipwa yote, na nauli ya kumrudisha nyumbani ikabaki. Nikapiga picha ya risiti nikaituma kundini. Watu wakajibu "Amina", "Mungu ni mwema". Halafu nikamwongeza yeye mwenyewe kwenye kundi ili aweze kushukuru.

Aliandika mistari miwili ya shukrani. Kisha, kama kawaida ya makundi ya bili, watu wakaanza kutoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Kufikia usiku tulikuwa tumebaki wachache. Mimi niliona kazi imekwisha. Kwa lugha ya ofisini, nilifunga hesabu.

Wiki 5 baadaye alirudishwa hospitalini. Kwa neema ya Mungu akapona tena. Nilipoenda kumwona hapakuwa na umati, tulikuwa mimi na yeye. Akaniambia, tena bila hasira: "Pasta, hospitali mlikuja wengi. Nyumbani hakuja mtu. Nilikuwa nimekaa kitandani na simu mkononi, nikiangalia vile mnatoka kwenye lile kundi, mmoja baada ya mwingine."

Sikuwa na jibu. Na kilichoniuma zaidi ni hiki. Mgeni akija kwetu Jumapili, anajaza fomu, na Jumanne anapigiwa simu. Wiki ya pili anatumiwa ujumbe. Mwezi ukiisha anaalikwa chai. Mpango huo niliuandika mimi, na ninajivunia kwamba unafanya kazi. Yaani mtu tusiyemjua tunamfuatilia kwa kalenda, lakini ndugu yetu aliyetoka kwenye mlango wa mauti hakuwa kwenye orodha yoyote. Hatukukosa upendo. Hatukuwa na mpango.

ELIYA CHINI YA MTI

Sasa fungua 1 Wafalme 19. Sura ya 18 Eliya yuko Mlima Karmeli, moto umeshuka, taifa zima limeona. Sura ya 19 mtu huyohuyo anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, halafu anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anakaa chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe roho. Kisha analala.

Angalia mambo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza, huyu si mpagani wala si mtu wa imani ndogo. Ni nabii aliyeita moto ukashuka. Kwa hivyo ile tabia yetu ya kusema "angekuwa ameokoka kabisa hangefika huko" haina mguu wa kusimama katika Biblia. La pili, Eliya alimwacha mtumishi wake njiani. Mtu aliyechoka na maisha mara nyingi huwaacha watu kwanza. Haji kwenye kikundi, hapokei simu, anasema yuko sawa. Sisi tukiona amenyamaza tunasema anataka kupumzika.

Mungu anamtuma malaika. Malaika hamhubirii, hamuulizi umekosa nini. Anamgusa, anamwambia ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, halafu anafanya nini? Analala tena. Hakuimba, hakushuhudia, hakusema amepona. Alirudi kulala palepale chini ya mti uleule.

Kama mimi ndiye ningekuwa malaika yule, ningepiga picha ya sahani iliyomalizika nikaituma kundini: "Amekula, Mungu ni mwema." Hesabu imefungwa.

Lakini soma mstari wa 7. Malaika alirudi mara ya pili. Akamgusa tena, akamlisha tena, akamwambia kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kumshinda. Wapendwa, nimesoma sura hii tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona uzito wa mstari huo. Ule mlo wa kwanza ulimwamsha. Mlo wa pili ndio uliombeba mwendo wa siku 40 mpaka Horebu.

Na Mungu hakuishia hapo. Kule Horebu alimuuliza Eliya swali lilelile mara mbili, mstari wa 9 na wa 13, na mara zote mbili akamwacha aseme yaliyo moyoni. Eliya alijibu maneno yaleyale. Mungu hakumkemea kwa kurudia. Kisha akamwonyesha kwamba hayuko peke yake, kuna 7,000 waliobaki, akampa na Elisha wa kutembea naye.

Msamaria wa Luka 10 ni vivyo hivyo. Tunamsifu kwa mafuta na divai, na tunamsifu kwa kulipa bili ya nyumba ya wageni. Lakini yeye alimwambia mwenye nyumba kwamba atarudi. Kulipa hakukumaliza habari yake na yule mtu.

WIKI ZA KWANZA NDIZO NGUMU

Sasa niseme mambo ya kidaktari, na niseme yale tu ninayoyajua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Wataalamu wanakubaliana pia kwamba mtu aliyewahi kujaribu yuko katika hatari kubwa kuliko mwingine, na kwamba wiki na miezi ya kwanza baada ya kutoka wodi ya magonjwa ya akili ni wakati wa hatari sana.

Kwa nini? Wodini kuna nesi usiku, kuna saa ya dawa, kuna saa ya chakula, kuna mtu kitanda cha jirani. Nyumbani kuna deni lilelile, ugomvi uleule, kodi ya nyumba inayodaiwa, na sasa kuna aibu juu yake. Majirani wanatazama. Kazini hajui aseme alikuwa wapi. Sisi tunadhani kuruhusiwa ni kupona. Kwa daktari, kuruhusiwa maana yake ni kwamba sehemu ya matibabu iliyohitaji kitanda imekwisha. Sehemu iliyobaki inafanyika nyumbani.

BARUA ZA SAN FRANCISCO

Kuna daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Jerome Motto, wa San Francisco kule Marekani. Kuanzia mwaka 1969 alifanya jambo ambalo lingeweza kuonekana la kitoto. Aliwatafuta watu waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya huzuni kali au hatari ya kujiua, na ambao baada ya kutoka walikataa kuendelea na matibabu. Walikuwa 843. Akawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi moja liliachwa kama kawaida. Kundi la pili lilikuwa linaandikiwa barua fupi na mtu aliyewahi kuzungumza nao hospitalini.

Barua zenyewe hazikuwa na mahubiri. Hazikuwakumbusha miadi wala hazikuwauliza maswali. Zilisema tu kwamba tunakukumbuka, tunatumaini uko salama, na ukitaka kutuandikia tutafurahi. Basi. Ziliandikwa kila mwezi kwa miezi 4, kisha kila baada ya miezi 2 kwa miezi 8, kisha kila baada ya miezi 3 kwa miaka 4. Piga hesabu: barua 24 katika miaka 5.

Matokeo yalichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2001. Kundi lililoandikiwa lilikuwa na vifo vichache vya kujiua kuliko kundi lililoachwa, na tofauti ilionekana zaidi katika miaka 2 ya kwanza. Na kumbuka, hawa ni watu waliokuwa wamekataa msaada. Hawakulazimishwa kurudi kliniki, na hawakutakiwa kujibu barua.

Mtu atasema, hiyo ni Marekani. Sawa. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mwingine katika miji 5: Campinas kule Brazil, Chennai India, Colombo Sri Lanka, Karaj Iran na Yuncheng China. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2008. Walihusika watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walikaa na mhudumu wa afya kama saa 1 kabla ya kutoka, wakaelezwa hali yao na mahali pa kupata msaada, halafu wakafuatiliwa mara 9 kwa simu au kwa kutembelewa, ndani ya miezi 18. Baada ya hiyo miezi 18, waliokufa kwa kujiua katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa 18. Katika kundi lililofuatiliwa walikuwa 2.

Soma tena namba hizo mbili. Nilipoziona mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikakaa kimya.

Lakini nisiwadanganye. Kuna majaribio mengine ya namna hii, mahali pengine, ambayo hayakuonyesha tofauti kubwa. Na wale waliofuatilia katika utafiti huo walikuwa wahudumu wa afya, si wachungaji. Simu yetu haichukui nafasi ya kliniki wala ya dawa. Pia, wewe uliyempoteza mtu na ulikuwa unampigia kila siku, usisome somo hili kama hukumu. Ulifanya la upendo. Ugonjwa huu wakati mwingine unashinda hata mahali ambapo upendo upo. Ninachosema ni kwamba kumkumbuka mtu kwa mpango, bila kuchoka, ni dawa ndogo isiyo na gharama, na sisi kama kanisa tunayo mikononi.

MPANGO WETU

Nimekaa na wazee wa kanisa na idara ya wamama, na tumekubaliana hivi. Kila kikundi cha nyumbani kifuate.

Kwanza, mtu mmoja mwenye jina. "Kanisa litamfuatilia" maana yake hakuna atakayemfuatilia. Kabla hajatoka wodini tunamuuliza yeye mwenyewe: ungependa nani awe anakujulia hali? Akimchagua mtu ambaye si kiongozi, huyo ndiye. Na anapewa msaidizi mmoja, asije akalemewa peke yake.

Pili, kalenda. Siku ya kwanza nyumbani, mpigie ama umtembelee. Kisha wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11. Kisha mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Hizo mara 9 ndizo zilizotumika katika ule utafiti wa miji 5. Ukitaka kuongeza, ongeza, lakini usipunguze. Ziandike kwenye shajara ama kwenye simu siku hiyohiyo anapotoka. Usitegemee moyo kukumbuka, moyo unasahau. Mwezi wa 6 yeye ataonekana amepona kabisa na wewe utakuwa na mambo yako. Piga tu.

Tatu, siri. Hakuna kundi la WhatsApp lenye jina lake. Hakuna kumtaja kwa "ombi maalum" kwenye kipaza sauti. Hakuna ushuhuda mpaka yeye mwenyewe aseme anataka, na hata akikataa milele bado ni wetu.

Nne, hospitali. Muulize miadi yake ya kliniki ni lini, na kama nauli ipo. Kama anaogopa kwenda peke yake, msindikize, keti naye kwenye foleni. Na nasema kwa herufi kubwa: USIMWAMBIE MTU AACHE DAWA ATI KWA SABABU MMEOMBA. Mungu anayesikia maombi yetu ndiye aliyemtumia Eliya mkate na maji. Hakuona aibu kutumia vitu.

Tano, nyumba. Ongea na mke, mume ama mzazi. Dawa za shambani na dawa za hospitali zisikae ovyo, zifungiwe na mtu mwingine ashike ufunguo. Wakati wa giza huwa unapita, na kama kitu cha hatari hakiko karibu, mtu anaweza kuuvuka akiwa hai.

TUANDIKE NINI?

Wengi mliniuliza hili. Mtu anaogopa kuandika vibaya, basi haandiki kabisa. Andika fupi. Andika kama wewe. Kwa mfano:

"Ndugu yangu, habari ya leo? Nimekukumbuka nikaona nikusalimie. Si lazima ujibu."

"Mama, nimepita kwa kiti chako Jumapili nikakukosa. Nakuletea maziwa kesho jioni, nikae dakika tano tu."

"Kaka, kliniki ni Alhamisi, si ndiyo? Nitakuwa hapo kwa stage saa mbili, twende pamoja."

Ona kwamba hakuna mzigo ndani yake. Hatumuulizi kwa nini hakuja kanisani. Hatumwambii afikirie watoto wake, maana amewafikiria kuliko sisi tunavyojua, na mara nyingi akili yake iliyougua ilikuwa inamdanganya kwamba watakuwa heri bila yeye. Hatumtumii aya 10 za kukemea roho. Na asipojibu, hatukasiriki. Jerome Motto hakudai majibu.

NA TUULIZE WAZIWAZI

Katika Matendo 16, yule mlinzi wa gereza kule Filipi alishika upanga ajiue. Paulo hakuzunguka. Alipaza sauti akamwambia asijidhuru, na kwamba wao wote wako pale. Mambo mawili kwa pumzi moja: usijidhuru, na tupo. Sisi pia tunaweza kusema wazi. Wataalamu wanatuambia kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamtua mzigo wa kulificha.

Kwa hivyo muulize kwa upole, mkiwa wawili: "Yale mawazo ya kufa, yamerudi?" Kisha nyamaza, umsikilize. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, hata kama ni usiku. Ondoa kitu chochote cha hatari. Mwite mtu wa nyumbani anayemwamini. Mpeleke hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Unaweza pia kupiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, ama Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Halafu mpigie mchungaji. Nimetuweka wa mwisho kwa makusudi.

Familia nyingi zilikuwa zinaogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nendeni hospitali. Mtu wenu ni mgonjwa, si mhalifu. Serikali ikiacha kumhesabu mshtakiwa, haitapendeza kanisa liendelee kumshtaki.

MAMA WA IJUMAA

Nimalize na ndugu yetu. Aliporudi nyumbani mara ya pili, mimi nilijiandikia kalenda nikaifuata, wakati mwingine nikichelewa. Lakini aliyenifundisha hasa ni mama mmoja mzee wa idara ya wamama. Hana simu kubwa. Hakuwahi kuwa kwenye lile kundi la bili, kwa hivyo hakuwahi kutoka. Kila Ijumaa jioni alikuwa anamtumia ujumbe wa kawaida: "Mwanangu, leo ni Ijumaa. Nimekukumbuka. Usijisumbue kujibu." Maneno yaleyale, wiki baada ya wiki.

Ndugu yetu hakujibu wa kwanza. Hakujibu wa pili. Ameniambia alihesabu: kumi na moja zilipita bila jibu. Ya kumi na mbili akaandika, "Amina mama." Basi. Wiki iliyofuata mama akatuma tena, kama hakukuwa na jambo lolote jipya.

Nilimuuliza, "Zile kumi na moja ambazo hukujibu, zilikuwa na maana yoyote?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. Akasema, "Pasta, sikuwa najibu, lakini nilikuwa nangoja Ijumaa ifike."

Kule chuo kikuu nilifundishwa kwamba ujumbe usiojibiwa ni hasara, mteja huyo umtoe kwenye orodha. Nimefuta somo hilo. Wapo watu leo katika kanisa hili wanaongoja Ijumaa yao ifike, na hawatakuambia.

Wewe je? Nani alitoka hospitalini mwaka huu, ukamwona wodini, na hujamwona tena? Usingoje Jumapili. Weka karatasi hii chini, uchukue simu, umwandikie mistari miwili. Akikaa kimya, rudi tena. Malaika alirudi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika 1 Wafalme 19:5–8, malaika alifanya nini mara ya kwanza, na nini mara ya pili? Kwa nini mara moja haikutosha?

2. Ni maneno gani tunayosema kanisani ambayo yanamfanya mtu aliyewahi kujaribu kujiua ajifiche? Tutayaacha vipi?

3. Bila kutaja jina mbele ya wengine: je, kikundi chetu kina mtu aliyetoka hospitalini ambaye hana wa kumfuatilia? Mwoneni kiongozi baada ya ibada, mpeane tarehe.

MAOMBI

Baba, tusamehe kwa hesabu tulizofunga mapema. Asante kwa kila mtu uliyemrudisha kwetu akiwa hai. Tupe miguu ya kurudi mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi na mbili. Wale walio chini ya mti leo, waguse, na ututume sisi na mkate. Katika jina la Yesu, Amina.